Kaka amelipia pombe ya safari nzima, na mimi nimeacha kunywa

Shikamoo Anti,

Nakuandikia kutoka Houston, Texas. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Rombo. Mke wangu ni wa Tanga na tuna watoto wawili. Naomba jina langu ulihifadhi.

Kaka yetu mkubwa anatimiza miaka 50 mwezi wa 11. Huyu ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Ada yangu ya shule na ya mdogo wangu alilipa yeye, nauli ya kuja Marekani alilipa yeye. Sasa ameamua sherehe ifanyike kwenye meli ya kitalii, usiku saba, tunapandia Galveston, tunapita Cozumel na Roatán, tunarudi. Vyumba vya watu wote ameshalipia. Mke wangu anabaki na watoto kwa sababu ya shule, kwa hiyo mimi nimepangwa chumba kimoja na mdogo wangu.

Wiki iliyopita kaka akaandika kwenye grupu la familia kwamba amelipia na bando la vinywaji kwa kila mtu mzima. "Hakuna kufungua pochi, ni kunywa mpaka Mexico iseme basi." Grupu likajaa vikombe vya bia. Mimi nikaweka dole gumba, nikaenda kukaa gereji.

Anti, mimi nimeacha pombe. Nilikuwa nakunywa kila nikitoka zamu ya usiku, whiski, peke yangu, na chupa nilikuwa naficha ndani ya buti la mvua humo humo gereji. Mke wangu alipozikuta nikamwahidi naacha kesho yake, na kweli nikaacha, ghafla, bila kumwambia daktari. Siku ya pili mikono ikatetemeka hadi nikashindwa kushika kikombe cha uji. Jioni nikaanguka jikoni nikitupa miguu na mikono kama mwenye kifafa, binti yangu akiangalia. Hospitali walinieleza kuwa mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kufanya hivyo. Tangu hapo niko kwenye kikundi cha walioacha pombe, tunakutana kanisani kila Jumanne, na sijagusa tena. Umepita mwaka na zaidi.

Familia haijui. Nimewaambia natumia dawa zisizopatana na pombe. Mke wa kaka ni nesi, na Pasaka aliniuliza mbele za watu, "Shemeji, dawa gani hiyo haina mwisho?" Nikacheka, nikabadilisha mada.

Mke wangu anasema nisiende. Mdogo wangu, ambaye hajui kitu, anasema sheria ya meli ni kwamba mkilala chumba kimoja, mmoja akichukua bando na mwenzake lazima achukue, kwa hiyo nikikataa namharibia yeye. Na kwetu unajua, kata ya mbege ikitoka mkononi mwa mkubwa wako ukaisukuma, umemsukuma yeye. Nifanyeje? Nisingizie kazi? Niende nishike soda niseme ni gin? Au nimwambie kaka, na nikimwambia nianzie wapi?

Mdogo wako, Houston

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa yale yaliyokupata jikoni. Mwaka na zaidi bila kugusa, baada ya mwili kufikia pale, ni kazi kubwa. Sitaki uipoteze kwa safari ya wiki moja, hata kama aliyeilipia ni mtu unayemheshimu kuliko wote.

Nianze na kaka, maana mengine yote yananing'inia kwake. Mwambie, na umwambie kabla ya safari, ana kwa ana. Usiandike kwenye grupu, usitume ujumbe wa sauti. Kama anaishi mahali unapoweza kufika kwa gari, mfuate siku asiyokuwa na wageni. Kama yuko mbali, piga simu ya video akiwa chumbani kwake, na umwombe kwanza kama ana nusu saa.

Kuhusu maneno, usitafute mazuri, tafuta mafupi. Unaweza kusema hivi: "Kaka, kuhusu zile dawa sikuwa mkweli. Pombe ilinizidi, ikanifikisha hospitali, nikaacha, na siwezi kurudi hata kwa glasi moja. Nataka kuja kwenye siku yako. Naomba unisaidie nije bila pombe." Halafu nyamaza. Atauliza, utamjibu. Kama hukujiandaa kumsimulia habari ya buti la mvua, usimsimulie. Ya jikoni msimulie, kwa sababu mtu ambaye hajaona pombe ikimwangusha ndugu yake anadhani kuacha ni suala la kujikaza tu, na kwa upendo kabisa atakuambia "kidogo tu, ni siku yangu".

Unahofia kwamba kumkatalia ni kuisukuma kata. Nakuelewa, na desturi hiyo siidharau. Mbege ya ndizi na ulezi inapokufikia kutoka kwa mkubwa, unachopokea ni baraka yake na nafasi yako katika ukoo. Lakini hebu liangalie hilo bando. Kaka amelinunua kwenye tovuti, na atakayekuletea glasi ni mhudumu asiyejua Rombo iko wapi. Mkono wa kaka haumo humo. Mkono wake umo katika kukulea, katika ada, katika kutaka nyote muwe pamoja anapofikisha miaka 50, na hayo hujayakataa. Na huko huko Kilimanjaro wapo waliookoka, wapo Waislamu, wanakaa kwenye sherehe za ukoo na soda yao mkononi, na ukoo unaendelea kuwa wao.

Shemeji yako, nadhani, ameshahisi. Nesi haulizi swali lile bure. Mwombe kaka ruhusa umwambie na yeye. Ndani ya meli utahitaji walau mtu mmoja anayejua, anayeweza kukukatia maneno mezani bila wewe kufungua mdomo, na huyo ana taaluma na ana sauti ndani ya familia. Wengine wote huna deni nao. "Sinywi siku hizi" ni jibu kamili. Mtu akiuliza mara ya pili, lirudie vilevile. Ya dawa acha kuanzia leo, kwa sababu uongo wa dawa una tarehe ya kwisha, na wao wanaingojea.

Sasa hilo bando. Mdogo wako hajakudanganya. Kampuni za meli za Carnival na Royal Caribbean, ambazo zote zinatoa meli Galveston, zina sharti kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wenzake wa chumba hicho nao wanunue. Wanazuia watu wawili kunywea kadi moja ya meli, ile unayolipia vinywaji. Lakini wapo waliopiga simu mapema, wakaeleza sababu ya afya, wakaruhusiwa kuchukua kifurushi cha vinywaji visivyo na pombe. Pigeni simu, na apige aliyelipia, kwa kuwa malipo yako kwa jina lake. Kwa kawaida kifurushi kilichonunuliwa mapema kinaweza kufutwa kabla ya meli kuondoka, kwa hiyo msisubiri siku ya bandarini.

Njia iliyo safi zaidi ni kubadilisha chumba. Usilale na mdogo wako. Simsemi vibaya, ila atarudi usiku wa manane na glasi mkononi, ataiacha mezani nusu, na wewe utaamka alfajiri uikute pale hatua mbili kutoka kwenye mto wako. Kama kuna mzee wa familia asiyekunywa, omba kulala naye. Kama kuna kijana wa chini ya miaka 21, sharti hilo halimhusu, kwa sababu meli zinazotoka bandari za Marekani haziwauzii pombe walio chini ya umri huo. Na kama inabidi uongeze pesa upate chumba chako mwenyewe, ongeza. Ni pesa ambayo miaka ile ingeishia kwenye whiski.

Utasikia hoja moja, na nataka uwe na jibu lake mapema: "Ukubali tu, si lazima ulitumie." Usikubali. Kitu kilicholipiwa kinaita. Bei za vifurushi hupanda na kushuka, lakini ukiweka na ile asilimia 18 au zaidi ya huduma, mtu anahitaji vinywaji kama sita au saba kila siku ili pesa irudi. Kifurushi cha Carnival kina ukomo wa vinywaji 15 vya pombe kwa saa 24. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza masuala ya pombe, NIAAA, inamhesabu mwanamume kuwa mnywaji wa kupindukia akifikisha vinywaji 5 kwa siku moja, au 15 kwa wiki nzima. Yaani kiwango kinachotisha kwa wiki, kwenye meli ni ruhusa ya siku moja. Sikuambii haya uyahutubie mezani, wenzako wako likizo na hiyo ni haki yao. Nakuambia ili ujue kwamba kadi ile ikiwa mfukoni mwako, kila baa utakayoipita itakukumbusha kwamba glasi yako imeshalipiwa.

Na zawadi ya kaka tusiitupe. Mwombe aibadilishe. Akununulie kifurushi cha intaneti ya meli. Ukiwa katikati ya Ghuba ya Mexico simu ya kawaida haishiki, na mitandao ya simu ya baharini inakata pesa nyingi sana. Kwa intaneti utampigia mke wako kwa WhatsApp kila jioni, na utampata yule mwenzako wa kikundi unayemtafuta ukizidiwa. Umpange kabla hujaondoka, ajue saa zako.

Kuna jambo ambalo huenda hujaambiwa. Meli nyingi za kitalii zina mkutano wa watu kama wewe. Kwenye ratiba ya siku, ama ile ya karatasi au ya kwenye programu ya simu, unaandikwa kwa jina la "Friends of Bill W.", marafiki wa Bill W., yaani Bill Wilson, aliyeanzisha Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, pamoja na Dk. Bob Smith mjini Akron, Ohio, mwaka 1935. Hawaandiki zaidi ya hapo, ili anayehusika ajue na asiyehusika apite. Mara nyingi hakuna mfanyakazi wa meli anayeuongoza, abiria wanakutana wenyewe katika chumba kidogo. Usipouona, nenda mapokezi siku ya kwanza uulize. Na usishtuke ukiambiwa ni ndani ya baa iliyofungwa asubuhi, vyumba vya meli hutumika hivyo. Ingia, kaa na wenzako.

Siku ya kwanza ndiyo nzito. Mkishapanda tu, kabla hata mizigo haijafika vyumbani, muziki uko juu kwenye sitaha ya bwawa na wahudumu wanapita na sinia za vinywaji vya rangi, kila kimoja na mwavuli wa karatasi. Unachukua, kadi inapigwa, umeondoka. Huoni pesa. Halafu kutoka Galveston hadi bandari ya kwanza kuna walau siku nzima ya maji tu, na siku ya maji watu wananywa kuanzia asubuhi kwa kuwa hakuna pa kwenda. Jipangie siku hiyo saa kwa saa: mazoezi, mkutano, chakula, usingizi, watoto wa familia wanaotaka mtu wa kuwapeleka kwenye maji. Usikae bwawani mchana kutwa eti uonekane unafurahi.

Mwambie anayesafisha chumba aondoe chupa zote kwenye friji ndogo kama zipo. Mezani usiku wa kwanza, mwambie mhudumu wenu kwamba wewe hunywi pombe safari yote. Kama mna meza maalumu atakuwa huyohuyo kila usiku, na ile glasi ya mvinyo ataiondoa mbele yako kabla hujaketi. Vinywaji vyako agiza mwenyewe, kwa mdomo wako, na unuse kabla ya kunywa, maana kokteli isiyo na pombe na yenye pombe zinatoka kaunta moja na zinafanana. Bia inayoitwa haina pombe inaweza kuwa na hadi asilimia 0.5, na kwako tatizo si hiyo asilimia pekee, ni ladha na povu. Iache. Uliza pia kuhusu keki. Visiwa vile wanapenda keki ya ramu.

Kuhusu kushika soda ukasema ni gin, hapana. Maji ya gesi na kipande cha ndimu ni kinywaji kizuri na huhitaji kukipa jina lingine. Ukisema ni gin, mtu atakuja kukuongezea gin.

Usiku wa sherehe yenyewe, muombe kaka akupe kazi. Uombe dua, au usome historia ya ukoo, au usimame useme kwa niaba ya wadogo. Aliyesimama kusema hakuna anayemchunguza glasi, na nadhani una mengi ya kumwambia huyo kaka mbele ya watu.

Usiku wa mwisho nao una mtego ambao wageni wa meli hawaujui. Chupa ambazo ndugu zako watanunua Cozumel, tequila na wenzake, na zile za duka la meli, huwa zinazuiliwa na meli, kisha wenyewe wanarudishiwa mwishoni mwa safari, mara nyingi usiku wa mwisho. Kwa hiyo usiku ambao umechoka na unajiambia umeshinda, chumba cha mdogo wako kinakuwa na chupa nzima. Usiku huo mpigie mke wako mapema, funga mizigo, lala.

Sasa, uende au usiende? Mke wako anaona kitu cha kweli. Harusini au msibani mambo yakikuzidi unachukua funguo za gari. Melini huwezi, mpaka bandari inayofuata. Kwa sababu hiyo beba pasipoti na grini kadi, si kitambulisho peke yake, ili ikibidi kushuka Cozumel na kupanda ndege uweze. Masharti yangu ni haya: kaka ameujua ukweli na amekubali, bando limeondolewa jina lako, chumba kimebadilishwa, na wewe mwenyewe kwa wiki hizi chache zilizopita hujashikwa na ile hamu ya kurudi. Kikundi chako kinakufahamu kuliko mimi, kiulize wazi Jumanne inayokuja. Moja likikosekana, baki. Mtu aliyekaa mwaka bila pombe akirudia anaweza kurudia kile kipimo chake cha zamani, na mwili haukiwezi tena kama zamani.

Ukibaki usisingizie kazi. Galveston ni kilomita 80 hivi kutoka kwako. Nenda na mkeo na watoto asubuhi ya kuondoka, mpate chakula pamoja na kaka kabla hajapanda, mpe zawadi yake mkononi.

Niongee kidogo na wasomaji wengine, kwa sababu barua hii inawagusa wengi wasioandika. Kama unakunywa kila siku na unapanga kwenda safari ya namna hii "bila pombe kabisa" kuanzia siku ya kupanda, usifanye hivyo bila kumwona daktari. Arosto ya pombe inaweza kuleta kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Inaua. Melini kuna zahanati, hakuna hospitali. Mlioko Marekani, namba ya bure ya SAMHSA, idara ya serikali inayoshughulikia ulevi na afya ya akili, ni 1-800-662-4357, wanapokea saa 24, hawatozi.

Mdogo wangu, mwonyeshe mke wako majibu haya leo. Kabla hujampigia kaka, kaeni wawili mkubaliane: akikataa kubadilisha kitu, mtafanya nini. Ingia kwenye mazungumzo yale ukiwa tayari unalijua jibu la nyumbani kwako.

Anti